Jenerali "anaamuru divisheni"? Anaiamuru ifanye nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mafinga. Natayarisha maelezo kuhusu namna divisheni ya vifaru inavyoongozwa vitani. Niliandika: "Meja jenerali anaamuru divisheni na kudhibiti brigedi zake; vifaru vinasonga mbele kwa safu." Mwenzangu wa somo la Kiswahili amepiga mstari mwekundu chini ya "anaamuru" na "kudhibiti". Mwingine anashikilia iwe "vifaru wanasonga". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kamwene. Mwenye kalamu nyekundu mpe soda. Huyo wa "wanasonga" mwambie arudi mbugani.

Naanza na vifaru, maana hapo hapana kazi. Mnyama ana uhai: kifaru amelala, vifaru wanakunywa maji. Mtambo wa vita umeazima jina tu, roho haukuazima, kwa hiyo kifaru kimezimika na vifaru vimevuka mto. Ni habari ile ile ya ndege: ndege imetua Songwe, ndege ametua juu ya mparachichi. Hakuna mtu wa Mbeya anayezichanganya hizo mbili.

Kwenye "kuamuru" ndipo penye utamu. Kitenzi hiki hakitulii mpaka kitajiwe la kufanywa. Mtu huamuru jambo lifanyike, au humwamuru mwenzake afanye jambo. Ukisema "jenerali anaamuru divisheni" ukaweka nukta, msikilizaji anabaki kainua uso: iende? irudi? ilale? Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaijua hali hii miguuni. Mkufunzi anapaza "Nyuma..." halafu ananyamaza. Kombania nzima imekauka, jasho linawatiririka shingoni, hakuna anayethubutu kujikuna, mpaka litoke lile "geuka!" Sentensi yako, Mwalimu, imewaacha watu kwenye "nyuma".

Kazi ya kila siku ya mkuu wa divisheni ni kuongoza. Meja Jenerali David Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 ya jeshi letu la Tanzania ilipoingia Uganda mwaka 1979. Hatusemi "aliamuru Divisheni ya 20". Amri ni tukio, ina siku yake na saa yake. Machi mwaka huo, kule Lukaya, Brigedi ya 201 ilibanwa na majeshi ya Idi Amin yakisaidiwa na Walibya. Brigedi ya 208, iliyokuwa imekwenda mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke ikampige adui ubavuni. Tazama hapo: iliamriwa igeuke. Kitenzi kimepata mwenzake, kimetulia. (Kuamrisha nako kanuni ni hiyo hiyo, ila sikioni mwangu kuna ukali kidogo, kama wa bosi mwenye kidole kirefu.)

Sasa "kudhibiti". Tunadhibiti moto, magendo, kipindupindu, wahalifu. Kinachodhibitiwa ni kile kinachotaka kuponyoka. Ukiniambia jenerali anadhibiti brigedi zake, nitauliza zimeasi lini. Najua "amri na udhibiti" imeshazoeleka kama jina la mada, na sitaenda kuigombea pale juu kwenye kichwa. Ndani ya aya ni bora useme mkuu anafanya nini hasa. Divisheni ina maelfu ya watu, brigedi kadhaa, mizinga, wahandisi, na malori ya mafuta ya kuvilisha vifaru ambavyo havishibi. Mkuu haoni hata robo ya watu wake kwa macho. Anapokea taarifa kwa redio, anaitazama ramani, anaamua, anatoa amri, kisha anafuatilia kama imetekelezwa, maana redio hukatika na brigedi mbili zaweza kujikuta kwenye barabara moja. Hizo nne au tano ndizo kazi zako za kuandika. Ukitaka neno moja la kuzifunga brigedi pamoja, chukua "kuratibu".

Usije ukakimbilia "kamandi ya divisheni" kwa kudhani ndiyo ya kijeshi zaidi. Kwetu kamandi ni tawi zima la jeshi: Kamandi ya Nchi Kavu, ya Anga, ya Wanamaji. Anapokaa mkuu wa divisheni ni makao makuu ya divisheni. "Kikosi" nacho kinanyumbuka mno: kuna kikosi cha jeshi chenye namba yake ya KJ, na kuna kikosi cha timu ya mpira ya Mbeya City. Penye brigedi sema brigedi.

Limebaki "kwa safu", ambalo hata kalamu nyekundu haikuligusa. Mimi nasikia safu nikaona vitu vilivyokwisha jipanga na kutulia, kama safu ya Milima ya Livingstone. Vifaru vinavyofuatana barabarani ni msafara. Aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori kumi na tano, la mbele likiwa limeshindwa gia, hahitaji kueleweshwa neno hilo. Vikifika mbele ya adui vikajitandaza ubavu kwa ubavu, hapo sema safu bila wasiwasi.

Mimi ningeandika hivi: "Meja jenerali anaongoza divisheni na kuratibu brigedi zake. Akiziamuru zisonge, vifaru vinaondoka kwa msafara na kujipanga safu karibu na adui."