Barua kwa mwanangu: kuupata mkutano wa AA

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako. Umeuliza utapata wapi mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous), yaani kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ukiwa hapo Kitengela, na ukifika utatakiwa kusema nini. Umefanya vyema sana kuuliza, binti yangu.

Kwanza mwili. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uonje kidogo, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kifafa cha kuacha pombe huja mara nyingi ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja siku ya 2 hadi ya 4, na hali hiyo huua. Nenda hospitali, umwambie daktari kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1. Kikundi hakiwezi kukufanyia kazi hiyo.

Sasa mkutano. Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, mchana au usiku. Sema wazi kwamba unatafuta mkutano wa AA, si kulazwa rehab (kituo cha matibabu ya ulevi), kisha utaje mtaa wako, siku unazopata nafasi na lugha unayotaka. Uliza pia rehab zilizo karibu nawe na kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti. Rehab nyingine hukaribisha watu wa nje kwenye mikutano yao, nyingine ni ya waliolazwa tu, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda matatu.

Orodha za intaneti ni za kuanzia tu. Kikundi huazima ukumbi, mara nyingi wa kanisa, na kwaya ikiuhitaji Jumanne hiyo kinahama huku tangazo likibaki vilevile. Mtu akienda mara moja akakuta geti limefungwa, ni rahisi kukata tamaa kabisa. Ndiyo maana nakuhimiza uthibitishe siku ileile. Uliza kama wiki iliyopita walikutana, wanaingilia geti lipi, ukumbi upi, na nani hufungua. Saa nazo ziulize kwa makini: anayekuandikia "saa 6 jioni" huenda anamaanisha saa kumi na mbili. Mwisho uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu au rafiki anaweza kukusindikiza, au umefungwa, yaani ni wa wenye nia ya kuacha kunywa peke yao.

Angalia na njia. Kisheria baa hufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi, na mkutano wa mjini wa saa 12 utakupitisha mbele ya milango yake ukiwa umechoka na jemu ya Mombasa Road. Kwa mwanzo ningechagua wa mchana wa Jumamosi, hata kama ni mbali zaidi. Jengo la ofisi litakudai kitambulisho na jina kitabuni. Kama hilo linakutia hofu, tafuta wa kanisani. Kukutana kanisani hakuwafanyi kuwa watu wa kanisa hilo. AA haifungamani na dini yoyote.

Ndani utakuta viti, chai pengine, na mwenyekiti wa siku. Watasoma utangulizi, kisha watu watazungumza mmoja mmoja bila kukatizwa. Wakiuliza nani ni mgeni, jina lako la kwanza latosha. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza tu", na itapita. Muda ni saa moja, au moja na nusu. Kikapu kikipitishwa, mgeni halazimiki kutoa. Hakuna ada ya kujiunga, kwa hiyo anayekudai pesa ya usajili, ondoka kwake. Anayekuambia utupe dawa ulizoandikiwa na daktari naye usimsikilize. Hiyo si kazi ya AA.

Kama umekunywa siku hiyo, nenda vilevile, ukae kimya. Lakini usiende ukiendesha gari.

Usiondoke mara tu sala ya mwisho ikiisha. Zile dakika 10 za kukunja viti ndizo za kuomba namba za simu, na wewe omba za wanawake. Waweza kukuta wanaume watupu. Ikiwa hivyo, uliza mkutano wa wanawake uko wapi, na sponsa wako, yaani mwanachama mzoefu wa kukuongoza, awe mwanamke. Namba hizo ni za kupigwa kabla ya kunywa, si baada.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Hudhuria mikutano mitatu tofauti, halafu urudi pale ulipowaelewa watu. Siku usiyoweza kutoka, kuna mikutano ya AA ya Zoom kila saa, ila isiwe ndiyo yote, kwa maana kwenye simu hakuna atakayeona kwamba wiki hii hukuja.

Mimi nitatafuta Al-Anon, ambayo ni ya jamaa za wanywaji. Wewe piga 1192 leo, na ukishajua siku na ukumbi niandikie, nikutumie nauli kwa M-Pesa.

Mama yako