Barua kwa mwanangu: yule mama Mkanaani

Mwanangu mpendwa,

Huku Masasi hatujambo. Korosho zimeanza kuanguka, baba yako hashikiki nyumbani. Umeniuliza: kama Yesu ni upendo, mbona yule mama Mkanaani wa Mathayo 15, aliyemlilia kwa ajili ya binti yake anayeteseka, Yesu alimnyamazia, kisha akamwambia si vema kutwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa? Na kama lilikuwa jaribio, Mungu gani humjaribu mtu mwenye mgonjwa nyumbani?

Swali hilo si la leo. Yohana Krisostomo, aliyehubiri Antiokia katika karne ya 4, alisema Bwana alimkawiza ili hazina iliyomo ndani ya mama yule ionekane. Martin Luther, karne ya 16, alifundisha kuwa chini ya ile “hapana” ilifichwa “ndiyo”, na imani ni kuishika hiyo ndiyo hata masikio yasipoisikia. Mafundisho ya namna hiyo ndiyo niliyopewa kipaimara, na nayakubali. Wapo wanaosema hapakuwa na jaribio: Israeli kwanza, mataifa baadaye, basi mama akawahi zamu. Siwapingi sana.

Mimi humtazama zaidi mama mwenyewe. Mgeni, mtu wa pande za Tiro na Sidoni, na wanafunzi wanataka aondolewe kwa sababu ya kelele zake. Hakubishana kuwa yeye si mbwa. Alilidaka neno akalirudisha: “Ndiyo, Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao.” Umekulia huku, umewaona watani msibani, mmoja anajilaza kaburini hatoki mpaka alipwe. Anathubutu kwa sababu pale ana haki yake. Huyu hakuwa na utani wowote na Wayahudi, na bado alithubutu. Tena hesabu yake ilikuwa sawa! Sura moja nyuma Yesu amewalisha wanaume kama 5,000 wakashiba, yakabaki masazo ya vikapu 12. Makombo yalikuwepo, na hakuna mtoto ambaye angelala njaa kwa ajili yake.

Akaambiwa, “Mama, imani yako ni kubwa.” Petro, katika sura hiyo ya vikapu, aliambiwa ana imani haba. Mtume mzima.

Sasa la kwako. Huyo mhubiri aliyekwambia hujapata mtoto kwa kuwa unajaribiwa, na kwamba ukizidisha imani utapata, kajuaje? Paulo aliomba mara tatu mwiba, ile taabu ya mwilini mwake, umtoke, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha,” na mwiba ukabaki. Kwa hiyo siwezi kukuahidi mtoto, mwanangu, ingawa namwomba Mungu akupe kila siku. Angalia pia kwamba mama yule hakuambiwa popote kuwa anapimwa. Sisi wasomaji ndio tunaosema hivyo, tumekaa vizuri, tunajua binti alipona. Aliye katikati ya shida hana nafasi ya kujua, na aliye pembeni hana ruhusa ya kumtangazia.

Kwa hiyo usione aibu kulalamika. Zaburi ya 13 inaanza hivyohivyo: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Isome kwa sauti, jirani wakisikia wasikie. Na kliniki usiikatishe, nenda na mumeo, asikuache uende peke yako.

Msalimie. Korosho zikishabanguliwa nitawatumia kwa basi.

Mama yako