Jibu: Tairi za lami kwa XR150L, Malindi

Salaam ndugu. Umesema pikipiki yako, Honda XR150L, iko lami ya Malindi–Kilifi kila siku, mchanga wa Marafa ni mara moja moja, na tairi za meno makubwa zinakuyumbisha kwenye kona, ukauliza uchague tairi gani za lami.

Kwanza soma saizi ubavuni: mbele 90/90-19, nyuma 110/90-17. Usikubali kuuziwa pana zaidi. Rimu nyembamba huibana ikapoteza umbo, na inaweza kusugua cheni. Chagua yenye vipande vipana vilivyokaribiana katikati na mifereji ya kutoa maji. Meno marefu hupinda ukiinamisha pikipiki, ndiyo maana unayumba. Kisha tazama tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni, ujue tairi ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kwa joto letu la pwani, tairi iliyokaa dukani miaka mitano mimi siigusi, hata iwe rahisi vipi.

Rimu zako ni za spoki, kwa hiyo badilisha tyubu pia. Mshale ulio ubavuni mwa tairi ufuate mzunguko wa gurudumu. Upepo, fuata kibandiko cha pikipiki. Kwenye mchanga wa Marafa punguza kidogo tu: ukizidisha, tairi huteleza juu ya rimu, ikavuta tyubu na kung'oa nozeli. Jaza tena kabla ya kurudi lami.