Muulize Mzee wa Matondoni: Siku tatu English Harbour, na wewe huna mashua

Swali: Shikamoo mzee. Tunaishi Toronto. Mwezi wa pili mume wangu ana mkutano Antigua, kisiwa cha Karibi, na ukiisha tutabaki siku tatu English Harbour pamoja na watoto wetu, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12. Kila ninachosoma kinasifia mashua za matajiri na Admirali Nelson wa Uingereza. Sisi hatuna mashua, na mimi naogopa maji marefu. Tutafanya nini hapo? Watoto niwaonyeshe nini wasichoke?
*Mama wa wawili, Toronto*

Jibu: Marahaba mwanangu. Siku tatu utaziona chache. Nimefanya kazi ya useremala wa mashua katika bandari hiyo misimu kadhaa, na nakuambia kwa moyo mmoja: asiye na mashua ana nafasi nzuri zaidi ya kuiona kuliko mwenye nayo, maana mwenye mashua kutwa anahangaika nayo.

Kwanza tumalize habari ya Nelson. Alikaa pale kati ya 1784 na 1787, kapteni kijana wa manowari iitwayo Boreas, na hakupapenda hata kidogo. Waingereza walianza kutengenezea meli zao hapo kabla yeye hajazaliwa. Jina la Nelson's Dockyard, yaani karakana ya meli ya Nelson, lilikuja baadaye sana, wakati jeshi la majini lilikwisha kuondoka mwaka 1889 na majengo yamebaki magofu. Matengenezo yalianza 1951, na mwaka 1961 pakafunguliwa upya. Mnamo 2016 UNESCO ikapaingiza katika urithi wa dunia, na katika kupaingiza ikasema wazi kwamba kazi ile isingewezekana bila Waafrika waliokuwa watumwa.

Hapo ndipo ninapotaka uwapeleke wanao. Waliochonga mawe, waliojaza kifusi ufukweni, waliopiga rangi na kukalafati (kuziba nyufa za mbao) zile manowari, wengi walikuwa Waafrika. Wengine walitolewa kwenye mashamba ya miwa, wengine walikuwa mali ya mfalme moja kwa moja, mafundi kamili wa mbao na matanga. Tarehe 8 Machi 1744 wanane kati yao waliuawa na mlipuko wa baruti papo hapo. Ukiingia langoni, kabla ya duka la kofia, waambie watoto hilo.

Sasa nenda mpaka ukingo wa maji, yalipo maduara. Ni mitambo mizito ya kuvutia kamba: mhimili umesimama wima, na watu huingiza miti pembeni wakausukuma kwa kuzunguka. Mimi ni mtoto wa fundi wa majahazi, na mara ya kwanza nilipoyaona nilisimama kwa muda mrefu nikijiuliza ya nini yote haya. Kwetu Lamu chombo kikitaka kusafishwa huingizwa pwani kwa maji ya bamvua, kikatiwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, maji yakatoka, kikabaki kikavu. Fundi anapata saa zake za kukwangua, kukalafati na kupaka mafuta kabla maji hayajarudi. Bahari yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kuinua na kushusha. Antigua bahari haifanyi hivyo. Maji kupwa na kujaa hayatofautiani hata kimo cha goti. Utaikausha vipi manowari pale?

Jibu lao ni hayo maduara. Meli ilitolewa mizinga, mapipa, mawe ya farumi, na sehemu za juu za milingoti. Ikasogezwa ukingoni, kamba nene zikafungwa vichwani mwa milingoti, zikapitishwa kwenye roda hadi kwenye duara. Watu wakasukuma, hatua kwa hatua, mpaka meli nzima ikalala ubavu juu ya maji na mkuku, uti wa chini wa meli, ukaonekana. Upande mmoja ukikwisha, meli iligeuzwa, wakaanza upande wa pili. Katika bahari zile za joto kuna wadudu wanaotoboa mbao mpaka zinakuwa kama sega la nyuki, kwa hiyo bila kazi hii manowari ilikuwa inaoza chini ya miguu ya mabaharia. Baadaye wakaanza kuzivika shaba chini. Lile jengo kubwa la matofali liitwalo Copper and Lumber Store, la mwaka 1789, lilikuwa ghala la shaba hiyo na mbao. Mpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kuonyesha kamba zilipita wapi. Hatachoka.

Kisha tazama zile nguzo nene za mawe zilizosimama bila paa, jirani na hoteli ya Admiral's Inn. Juu yake palikuwa na dari ya mafundi matanga. Mashua ndogo iliingia kati ya nguzo, tanga likavutwa juu kupitia tundu sakafuni, likashonwa, likashushwa tena kavu bila kuburutwa chini. Tufani iliondoa sehemu yote ya juu. Mimi napenda nguzo hizo kuliko jengo lolote lililokarabatiwa pale. Makumbusho yamo humo humo, katika nyumba ya afisa ya mwaka 1855, ingieni jua likiwa kali.

Siku ya pili tembeeni. Njia ya kwenda Fort Berkeley, ngome ndogo ya mdomo wa bandari, ni fupi, hata mtoto mdogo anaimudu. Ukifika utaelewa mara moja kwa nini Waingereza walipataka: mlango mwembamba, vilima kila upande, na ukiwa baharini huwezi kujua kwamba ndani kuna meli. Kwa woga wako wa maji, panda teksi ya majini kutoka gatini hadi Galleon Beach. Ni dakika chache ndani ya maji yaliyotulia, na ufuko wenyewe hauna mawimbi. Jumapili wenyeji hupenda Pigeon Point, upande wa Falmouth, wakiwa na vyungu vyao chini ya miti. Wasalimie, utajibiwa. Watu wa Antigua hawampendi anayeanza kuuliza bila kusalimu, na hapo sisi hatupati tabu.

Kama Jumapili mtakuwepo, saa kumi za jioni muwe Shirley Heights. Ni kituo cha zamani cha askari juu ya kilima, kimepewa jina la gavana Thomas Shirley. Kuna bendi ya ngoma za chuma, kuna nyama na samaki wa kuchoma, na bandari zote mbili, English Harbour na Falmouth, mnaziona chini. Mwenye miguu hupanda kwa njia ya msituni kutoka Galleon Beach. Nyinyi na watoto pandeni gari, na mrudi jua likizama, maana baada ya hapo rege na pombe huchukua nafasi.

Mwezi wa pili umechagua vizuri. Ndio mwezi wa mbio za Caribbean 600, zilizoanza 2009: maili 600 za baharini kuzunguka visiwa 11, zinaanzia nje ya mdomo wa bandari. Tazameni kutoka kilimani. Na kuna wapiga makasia wanaovuka Atlantiki kutoka La Gomera, visiwa vya Kanari, karibu maili 3,000. Huondoka Disemba na kuanza kufika Januari, mmoja mmoja, pengine mpaka Machi. Mkisikia honi za mashua zote zinapigwa, acheni chakula mkimbilie gatini. Nimeona watu wakishuka pale wasiweze kusimama, ardhi inawapepesua. Watoto watakumbuka hilo kuliko kitu chochote.

Kuhusu chakula: fungee ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, mtajisikia nyumbani. Huliwa na pepperpot, mchuzi mzito wa mboga za majani, ila mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, basi kama hamli uliza kwanza. Ducana ni viazi vitamu na nazi, hufungwa kwa jani na kuchemshwa. Nanasi jeusi la kule ni dogo na tamu sana. Basi la kutoka St. John's, mji mkuu, ni namba 17, linaondokea kituo cha karibu na soko. Jumapili na usiku usilitegemee.

Swali: Mzee, mimi ni baharia wa majahazi, Pangani. Tanga nalijua tangu utotoni. Kuna jamaa anadai shilingi milioni tatu anitafutie kazi kwenye mashua za Antigua. Nimpe?
*Kijana wa Pangani*

Jibu: Usimpe hata senti. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Unachopaswa kulipia mwenyewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na uchunguzi wa afya ya mabaharia; viza ni juu ya mwenye chombo. Akikwambia vingine, mwache na maneno yake.

Hizo fedha zipeleke darasani. Pata mafunzo ya msingi ya usalama, yale ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, usalama kazini. Dar es Salaam chuo cha ubaharia cha DMI kinayatoa, Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Bila cheti hicho nahodha wa mashua ya kukodisha hawezi kukuchukua, hata akupende vipi. Msimu huanza Disemba, mashua zinapokusanyika English Harbour na Falmouth kuonyeshwa kwa mawakala, na huisha mwanzoni mwa Mei, zinapovuka kwenda Mediterania. Nyakati hizo mbili ndizo za kutafuta nafasi. Nawe usijidharau. Aprili kuna mashindano ya mashua za kizamani, nyingi za mbao, na huko mtu anayejua kuunga kamba kwa mkono na kukalafati kwa pamba hutazamwa kwa heshima. Ulichofunzwa na wazee wako Pangani ni ufundi kamili, uandike hivyo katika barua ya maombi.

Swali: Assalaam aleikum. Rafiki yangu ananialika tusafiri naye kwa mashua yake mpaka English Harbour. Nimezoea kaskazi na kusi. Huko upepo ukoje, na kuingia kukoje?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Waaleikum salaam. Upepo wa kule haugeuki kama wetu. Unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na karibu na Krismasi huzidi nguvu. Jihadhari na miezi ya Juni hadi Novemba, ni ya vimbunga.

Ukiingia, jitenge na mwamba unaotokeza upande wa Charlotte Point, ndio ulio mkono wako wa kulia. Ukitia nanga Freeman's Bay acha nafasi kubwa, maana upepo unazunguka ndani na mashua hugeuka kila moja kivyake, zikagongana usiku. Na huko ndani kabisa usishushe nanga katikati: chini umelala mnyororo mkubwa wa kuzuilia meli wakati wa tufani, na nanga ikinasa hapo itabidi umlipe mzamiaji. Fomu za kuingilia nchini mjaze mapema kwa mtandao, kisha nahodha peke yake ashuke na pasipoti zote mpaka ofisi iliyomo ndani ya Dockyard. Wengine mbaki chomboni mpaka arudi.