Maswali na Majibu: Kuni za Msonobari katika Jiko Lenye Kichocheo

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani na Kanada, ambako majira ya baridi ni marefu na familia nyingi hupasha nyumba joto kwa majiko ya kuni.

*Baada ya dhoruba nilipewa bure misonobari iliyoanguka, lakini jirani amenionya kwamba utomvu wake utaziba dohani na kuniunguzia nyumba. Je, ni kweli? (Msomaji, Maine)*

Onyo hilo limeenea sana, nalo limewanyima watu wengi kuni nzuri. Kreosoti, yaani ule utando mweusi kama lami unaoganda ndani ya dohani na unaoweza kushika moto, hutokana na moshi ambao haukuungua ukaisha, ukapanda na kukutana na kuta za dohani zilizopoa. Mwaloni mbichi hutoa moshi huo kwa wingi kuliko msonobari mkavu, kwa sababu moto hutumia nguvu yake kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni badala ya kukupa joto. Utomvu wenyewe, ukikuta moto mkali wenye hewa ya kutosha, huungua na kuongeza joto. Huko Fairbanks, Alaska, ambako mwaloni hauoti, watu huchoma sprusi, mti wa jamii ya msonobari, na mbetula, mti wa nchi za baridi usio na utomvu wa namna hiyo, majira yote ya baridi. Ni kweli kwamba mji ule husumbuliwa na moshi, lakini moshi huo hunaswa bondeni na hewa baridi, na kuni mbichi huuzidisha.

Kwa hiyo pokea misonobari hiyo, lakini usiichome mwaka huu ikiwa bado ni mibichi. Yapasue magogo, uyapange juu ya vitu vya kuyainua kutoka ardhini, ufunike juu tu na kuacha pande wazi ili upepo upite. Msonobari uliopasuliwa mapema huweza kukauka katika kiangazi kimoja kizuri, ilhali mwaloni mara nyingi hudai miaka miwili. Siku ya kupima, chukua kipande kinene, kipasue upya, kisha choma sindano za kipima unyevu katikati ya uso huo mpya, kwa kufuata nyuzi za mti. Ncha iliyopigwa jua itakudanganya. Kikionyesha zaidi ya asilimia 20, kuni hizo zirudi kwenye rundo.

*Nimehamia nyumba yenye jiko lenye kichocheo. Kichocheo kinafanya kazi gani, na kile kilango cha juu nikifunge lini? (Msomaji, Minnesota)*

Kichocheo ni kipande cha kauri au chuma chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platini au paladi, ambayo huuwezesha moshi kuungua katika joto la chini sana kuliko kawaida. Tangu Marekani ilipoweka viwango vya kwanza vya moshi wa majiko ya kuni mwaka 1988, hii imekuwa mojawapo ya njia kuu za kuvitimiza. Kichocheo hakianzi kazi kikiwa baridi: acha kilango wazi ili moshi upande moja kwa moja dohani, moto ushike vizuri, kisha kifunge kilango pale kipimajoto cha kichocheo kinapofika nyuzi 260 hivi za Selsiasi au pale kitabu cha jiko lako kinapoelekeza, ili moshi ulazimike kupita kwenye vitundu. Unapotaka kuongeza kuni, fungua kilango kwanza, subiri kidogo, ndipo ufungue mlango, la sivyo moshi utakurudia sebuleni.

Hapa ndipo msonobari unapohitaji uangalifu. Ukiweka vipande vyembamba vikavu juu ya makaa mengi na kuacha hewa wazi, miali hupanda hadi kwenye kichocheo chenyewe, nayo huharibu upako wake na hata kuipasua kauri. Chagua vipande vinene, vibane pamoja, na upunguze hewa hatua kwa hatua mara vinaposhika moto. Usihangaike kukiona kichocheo kimeacha kung'aa wekundu. Mara nyingi kinaendelea kufanya kazi kikiwa cheusi.

*Mbona kuni hizi zinaisha upesi? (Msomaji, Alberta)*

Kwa sababu ni nyepesi. Kilo moja ya msonobari mkavu hutoa joto linalokaribiana na la kilo moja ya mwaloni mkavu, lakini rundo la ukubwa uleule lina uzito mdogo zaidi. Bei yake basi iwe ndogo pia.

*Naweza kuchoma mabaki ya mbao za ujenzi? (Msomaji, Maine)*

Mbao tupu, ndiyo, kwa kiasi. Zilizopakwa rangi au dawa, zilizogundishwa, na magogo yaliyookotwa ufukweni yenye chumvi, hapana kabisa: kemikali zake huua kichocheo, na baadhi ni sumu kwa watoto wako.

*Jiko limeanza kuvuta moshi kwa shida kilango kikifungwa. Nifanye nini? (Msomaji, Ontario)*

Huenda majivu mepesi yameziba vitundu. Jiko likiwa limepoa kabisa, mulika kichocheo kwa tochi. Ukiona utando wa kijivu, uondoe kwa brashi laini, bila kuchokoa kwa msumari wala kupuliza kwa hewa ya mashine. Kikiwa kimepasuka au kumomonyoka, nunua kingine. Kikiwa safi na hali ile ikabaki vilevile, mwite fundi wa dohani akague bomba lote hadi kifuniko cha juu kabla hujawasha tena.