Chapa zangu za buluu zinapauka nikizichapa nyumbani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Bagamoyo. Mwaka huu tulikwenda Uingereza wiki mbili, wanafunzi sita, kujifunza kuchapa kwa kutumia picha. Tulifanya skrini ya kuchapia fulana, na ile chapa ya buluu inayoitwa sayanotaipu. Kule zangu zilitoka safi. Nimerudi na dawa zilezile na daftari lenye vipimo vyote: dakika 25 nje, kisha kuosha. Hapa nyumbani karatasi inageuka buluu yote, picha haionekani. Nikipunguza muda picha inatokea, lakini nikiiosha kwa maji ya kisima inapauka na kubaki njano. Nimeharibu karatasi kumi na moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo karatasi kumi na moja usizitupe, bado zina kazi.

Daftari lako liliandika dakika, halikuandika jua. Dawa hiyo, aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, haisomi saa. Ni mchanganyiko wa dawa mbili zenye chuma ndani yake, na kinachoiamsha ni ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, urujuanimno. Palipopigwa na mwanga panakuwa buluu isiyoyeyuka. Palipofunikwa dawa inaondoka na maji. Sisi tuko kama nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Dakika 25 za chini ya mawingu ya Uingereza, hapa Dunda saa sita mchana ni kuiunguza karatasi. Mimi kwenye jua hilo huwa naanza kuchungulia dakika ya nne.

Kata ukanda mwembamba wa karatasi uliyoipaka dawa, weka negativu juu (ile plastiki yenye picha iliyogeuzwa, weusi kuwa weupe), funika na kipande cha boksi, kisha kisogeze kila baada ya dakika mbili. Osha, kausha, ndipo utajua dakika zako. Pembeni andika saa na hali ya mbingu. Ukanda wa saa nne asubuhi hautafanana na wa saa tisa alasiri, na wakati wa masika utaanza upya kabisa.

Itazame na negativu yenyewe. Kule bila shaka mlichapa kwa printa nzuri. Plastiki inayotoka kwenye duka la steshenari ukiinyanyua juani utaona weusi wake unapitisha mwanga, na hapo picha haiwezi kujitenga na buluu. Toa nakala mbili, zilinganishe mstari kwa mstari, zibane pamoja kwa selotepu. Inasaidia kuliko kuongeza dawa.

Na karatasi kabla haijatoka nje ina rangi gani? Inatakiwa iwe ya njano inayoelekea kijani. Ikiwa imeanza ubuluu ingali ndani, mwanga au unyevu umeshaiharibu. Joto letu la pwani halisubiri. Paka usiku, kausha gizani kwa feni, tumia asubuhi yake.

Sasa maji, na hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza kazi ya wiki nzima kabla sijaelewa. Picha ya mlango wa kuchonga, misumari yake yote ikionekana, niliiweka kwenye ndoo ikafifia mbele ya macho yangu kama mtu anayeondoka. Ndoo ilikuwa imefuliwa nguo, na sabuni ya unga ilibaki kwenye mikunjo ya chini. Buluu hii inauawa na alkali: sabuni, magadi, chokaa. Visima vingi vya mji mkongwe vimepita kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Ile njano unayoiona ni chuma kilichobaki baada ya buluu kuvunjika. Fanya hivi: chana chapa moja vipande viwili, kimoja kioshe kwa maji ya mvua, kingine kwa ya kisima. Ukiona tofauti, kamulia ndimu moja kwenye beseni la maji ya kuoshea, au tia siki kijiko kimoja. Asidi kali, kama maji ya betri, usiisogeze kabisa karibu na dawa hii. Inaweza kutoa hewa ya sumu.

Zile zilizogeuka njano zitumbukize kwenye chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari. Tanini, ule ukakasi wa chai, inashikana na kile chuma, na picha inarudi ikiwa ya kahawia nzito. Magome ya mkoko nayo yana tanini, lakini usiuchune mkoko ulio hai kwa ajili ya karatasi.

Skrini ya fulana sheria yake ni moja na hii: mwanga ukizidi, emalshani, yaani ile dawa inayopakwa kwenye skrini, inagandia hata kwenye mistari myembamba na wino haupiti. Nayo ifanyie ukanda wa majaribio hivyohivyo.

Kama ningekuwa wewe, kwa mwezi mzima ningeacha negativu kabisa. Mwaka 1843 Mwingereza Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani kwa njia hii hii. Aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi, jua likafanya kazi. Ndicho kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za fotografia. Nawe uko karibu na Mlingotini, kina mama wanalima mwani. Nunua fungu dogo, lioshe chumvi yote, likandamize katikati ya magazeti mpaka likauke, kisha lilaze chini ya kioo. Utaona matawi yake yanavyogawanyika mpaka kwenye ncha, meupe ndani ya buluu. Ukimaliza karatasi, jaribu kitambaa cha marekani, ila kichemshe kwanza kitoke wanga.

Kisha niandikie tena, na uambatanishe ule ukanda wa majaribio pamoja na saa ulizoziandika.