Bia ya nyumbani Mombasa: pima joto la ndoo, si la chumba

Ndoo yangu ya kwanza niliipika Februari, kaskazi ikiwa kali, kwenye chumba cha nyuma hapa Mikindani ambacho dari lake ni zege na jua hulilalia mpaka magharibi. Wiki kadhaa baadaye shemeji alionja, akaishika glasi mbali na pua, akauliza: "Shemeji, hii ni ya kunywa au ya kupaka mlango?" Hakukosea. Ilinuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, na glasi niliyoimaliza kwa ubishi iliniachia kichwa siku nzima.

Kosa langu lilitoka kwenye mnazi. Nimekua nikiona tembo likiteremshwa Rabai asubuhi likiwa tamu, mchana limechangamka, jioni kali, na kesho yake linaelekea siki. Hakuna anayelipoza. Nikajiambia chachu ni chachu, na joto letu la Pwani ni bahati. Kumbe mnazi hunywewa siku hiyohiyo. Bia ya kimea hukaa ndooni wiki mbili na chupani tena wiki mbili, na kila harufu mbaya ambayo chachu iliitoa kwa kuunguzwa utaikuta inakungoja.

Chachu nyingi za bia ya kawaida ya eli (ale) hupenda nyuzi 18 hadi 20. Za laga hutaka 10 hadi 13, na hizo kwa Mombasa bila friji sahau kabisa. Ukipita 25 au 26, chachu ya eli hukua kwa pupa na kutoa pombe nzito zile zinazochoma koo, pamoja na harufu za matunda zisizo na mpango. Na hapa ndipo wengi tunapojidanganya: chachu ikila sukari hutoa joto lake yenyewe. Ndoo inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba changu kilikuwa 30, kwa hiyo chachu ilikuwa inaogelea kwenye 34 hivi huku mimi nikisoma kipimo cha ukutani na kuona si mbaya sana. Bandika kipima joto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, ukifunike na kipande cha sponji ili kisisome hewa.

Siku tatu za kwanza ndizo zenye kesi. Ladha nyingi mbaya za joto huzaliwa hapo, povu linapopanda na mpira wa kutolea hewa unapobubujika kwenye chupa ya maji. Baada ya hapo ukiiachia bia ipande hadi 21 au 22 huidhuru kidogo sana, tena huisaidia chachu kumaliza kazi na kusafisha ladha ya siagi ambayo yenyewe huiacha.

Ukisoma ushauri wa watu wa bara utaambiwa uvishe ndoo fulana mbichi na uwashe feni. Nairobi hiyo inafanya kazi. Hapa hewa yenyewe imeloa; maji hayakauki haraka, na kisichokauka hakipozi. Mimi nilipata nyuzi 1, labda 2, na fulana iliyoota ukungu.

Kilichonisaidia ni karai kubwa la maji na chupa za soda za lita 2 zilizogandishwa. Kwa hesabu, kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inaweza kushusha lita 20 za bia kwa nyuzi 4 hivi. Lakini maji ya karai nayo yanapozwa, kwa hiyo nategemea 2. Nabadilisha chupa asubuhi, jioni, na kabla ya kulala. Friza ikijaa nanunua barafu ya wauza samaki, ila hiyo hubaki nje ya ndoo, isiguse bia kamwe. Zungushia blanketi kuukuu, na stima ikipotea usiku usifungue kitu. Lita 20 hazipati joto upesi.

Kupoza kunaanza kabla ya chachu. Maji ya bomba letu ni ya vuguvugu, hivyo hata ukiyapitisha saa nzima kwenye koili, ule mrija uliojisokota wa kupozea, maji ya kimea yatakwama karibu na 30. Ndoo yangu ya pili ilisifiwa, na mgema akisifiwa mnajua anachofanya: ya tatu niliitia chachu ikiwa 31 kwa sababu nilitaka kulala. Siku hizi nafunika ndoo safi, naizungushia barafu, na nangoja hata mpaka asubuhi, ikiwa 19.

Pakiti za chachu ziweke kwenye friji. Iliyosafiri siku mbili kwenye buti la basi la mchana imechoka, ongeza pakiti ya pili. Hamira ya mkate itachacha, ndiyo, lakini haitulii chini vizuri na bia itakunukia unga.

Kama huna nafasi ya karai, badilisha chachu badala ya kupigana na hali ya hewa. Kuna kveik, chachu za wakulima wa magharibi ya Norwei, ambazo baadhi hufanya kazi safi kwenye 30 hadi 38. Ya Voss hutoa harufu ya chungwa. Inaudhi kidogo kwamba chachu inayolielewa joto letu imetoka kwenye baridi ile, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mimi nafuata upepo. Kusi likivuma, Julai na Agosti, usiku hushuka mpaka 21 na chupa tatu kwa siku zinatosha. Kaskazi ikirudi ni kveik tu, na friza anarudishiwa mke wangu, ambaye samaki wake wamekaa kwa jirani tangu Juni.